Tumbo la Barwaqo

Kuna mwanamke machinjioni Garissa anayeosha matumbo huku amelala. Si mimi nisemaye hayo, ni wenzake, na wenzake hao midomo yao haina pazia. Jina lake ni Idil Bulle, lakini ukifika pale langoni ukaulizia Idil utatazamwa tu. Ulizia Hurdo. Hurdo kwa Kisomali ni usingizi, na huku kwetu jina la utani halina huruma: kiwete ataitwa Kiwete, mwenye jicho moja ataitwa Jicho, na anayeota mchana kweupe ataitwa Usingizi mpaka siku ya kuzikwa. Idil mwenyewe hana neno. Mikono yake hugeuza tumbo la ngamia ndani nje, husugua, husuuza, hutupa kando yale majani yaliyosagikasagika, na macho yake muda wote huo yako Griftu.

Griftu ndiko alikozaliwa. Katika Griftu hiyo ya ndotoni ni asubuhi kila siku, vumbi bado limelala, na mama yake anakamua Barwaqo. Barwaqo maana yake neema, na alikuwa ngamia jike mwenye shingo ndefu na dharau nyingi, asiyekubali kuguswa na mtu mwingine ila mama na mtoto. Idil mdogo alikuwa akijilaza ubavuni mwake, sikio kalibana tumboni, akisikiliza. Wewe hujawahi kusikiliza tumbo la ngamia anayecheua? Basi umepitwa na mambo. Linanguruma, linatulia, linapanda tena polepole, kama bibi anayejisimulia habari za zamani bila kujali kama kuna anayesikia. Usingizi wote wa utotoni Idil aliupatia hapo, na labda ndiyo sababu hata leo ukimtia tumbo mkononi anasinzia.

Kisha ukaja ukame. Sitausimulia, maana kila mtu huku ana wake. Ngamia walikwenda mmojammoja na Barwaqo akawa wa mwisho, na mzee Bulle, baba yake Idil, akawafuata mwaka uleule. Mama na binti walipanda juu ya lori la mbuzi, wakapita Modogashe wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakashuka Garissa na mkeka mmoja na kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa. Siku ile mama alisema jambo moja tu, kwamba asitajiwe Barwaqo tena. Idil akatii, hakulitaja jina hilo kwa sauti.

Miaka imekwenda. Idil ameolewa na Deeq, dereva wa lori la mifugo ambaye nyumba yake ya kweli ni barabara. Binti yao, Ruweyda, yuko shule ya bweni. Wana nyumba ya mabati, na uani kuna aqal, kile kibanda cha mviringo cha fito na mikeka, kwa sababu mama mtu, Bi Habibo, alikataa katakata kulala chini ya bati. "Bati linapiga kelele," alisema, "na tena halipumui." Mle ndani ana mawe yake matatu, kuni zake za mathenge, ule mti wa miiba, na moshi wake.

Ndiyo, wake. Usiuguse moshi wake. Bi Habibo ni mwanamke wa ngamia, na mwanamke wa ngamia husafisha chombo cha maziwa kwa kukifukiza kwa kijinga cha moto, mpaka kikae na harufu ile inayomwambia mtu kwamba amefika nyumbani. Maziwa yasiyo na moshi, kwake yeye, ni maji yaliyopauka. Lakini aqal ya porini hupigwa na upepo pande zote, na aqal ya uani imebanwa na ukuta wa jirani. Moshi uliingia kifuani mwa Bi Habibo ukajenga. Idil akirudi kazini, kabla hajagusa komeo la lango, husikia kikohozi kwanza, na hapo ndipo hujua mama yupo.

Alimpeleka zahanati. Bi Habibo, ambaye Kiswahili chake ni kile cha sokoni tu, alijitetea mwenyewe: "Daktari, mimi nabika na moshi toka mtoto. Moshi hana makosa. Kifua ndio nakosea." Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamvuta Idil kando akamwambia, mwondoe mama kwenye moshi, ama moshi utamwondoa. Idil alirudi nyumbani na maneno hayo na hakumwambia mtu.

Sasa, katika kuhangaika kwake, akasikia kwamba kikundi cha akina mama cha mtaa kimeleta fundi wa bayogesi. Fundi mwenyewe ni Keinan, kijana mpole mwenye tope mpaka magotini. Akachimba mtaro nyuma ya nyumba ya Idil, akalaza humo mfuko mrefu mweusi wa plastiki nene, mdomo wa kulishia upande huu na wa kutolea uji wa samadi upande ule, na bomba dogo juu la kupeleka gesi jikoni. Akaeleza kwamba mavi ya mbuzi, mavi ya ngamia, maganda na makombo yakichanganywa na maji yakafungiwa humo bila hewa, kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo huyala, na vikila hutoa gesi. Wanawake wengine waliguna wakaziba pua. Idil alikuwa amekwisha kuondoka, amesimama palepale, macho yako Griftu. Giza, joto, maji, majani, na hewa hakuna. Jamani, hilo si tumbo hilo?

Palepale akaupa mfuko jina, moyoni tu. Akauita Barwaqo.

Na alimtunza! Mavi ya ngamia ni magumu kama kokwa, kwa hiyo aliyaloweka mpaka yalainike, akayaponda kwa mikono. Maganda aliyakatakata madogo. Maji aliyaacha juani kwanza yapate uvuguvugu, maana nani humnywesha ngamia mgonjwa maji ya baridi? Aligundua kuwa ukimlisha kupita kiasi anavimbiwa na kunuka uchachu, na ukimbadilishia chakula ghafla ananuna. Mfuko ukafura, gesi ikawaka. Majirani wakaja kuutazama moto wa buluu usio na moshi, kipya kinyemi, kila mmoja akitaka aoneshwe tena unavyowashwa. Wali wa Idil ulinukia bulla nzima, mtaa wote.

Sahani moja tu ilikuwa ikirudi haijaguswa, nayo ndiyo iliyokuwa na maana kwake kuliko zote.

Kosa lilikuwa la Idil mwenyewe, na lilikuwa neno moja. Siku ile mfuko ulipolazwa, Bi Habibo alitoka aqal, akauzunguka kwa mashaka, akauliza, "Hooyo, hiki nini?" Hooyo ni mama, lakini kwa Wasomali mama naye humwita mwanawe hooyo, kwa mapenzi, na neno likawa linakwenda na kurudi kati yao kutwa nzima. Idil angemjibu ni tumbo. Lakini tumbo lingemleta Barwaqo, na Barwaqo alikuwa amekatazwa. Basi akababaika, akashika neno lililokuwa karibu.

"Ni kama musqul, hooyo. Taka zinaingia huku, moto unatoka kule."

Musqul ni choo. Basi kwisha habari. Bi Habibo akarudi nyuma hatua kadhaa akakusanya shuka lake.

"Moto wa chooni?" alisema. "Nami nisome bismillahi juu ya chakula kilichoiva kwa moto wa chooni? Hooyo, mimi nakaribia kukutana na Mola wangu. Niache niende nikiwa safi."

Maneno gani yangeweza kushindana na hayo? Idil alijaribu. Alimwambia moto ni moto, akamwambia hata jirani mwenye kusomesha watoto Kurani anautumia. Wapi! Bi Habibo alikuwa mtu wa tohara tangu ujana wake. Hata nguo za machinjioni alimkataza Idil kuziingiza uani, azivulie nje ya lango na azifue huko huko. Keinan alipomshauri Idil achukue yale majani ya matumboni kazini kwake, yale ambayo Wasomali huyaita uus, akamwambia yangeutia mtambo nguvu kuliko chakula chochote, Idil alitikisa kichwa tu. "Mama hataki," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama akaendelea kupika kwenye mawe yake matatu na kukohoa. Kikohozi kikawa kirefu zaidi. Siku moja, sahani iliporudi tena imefunikwa vilevile, Idil aliketi chini mlangoni mwa aqal akalia kama mtoto. "Sitaki sifa ya gesi, hooyo," alisema. "Nakutaka wewe uishi. Naogopa. Kila siku narudi naogopa. Kula chakula changu tu, basi."

Bi Habibo alisogea mlangoni. Alimpapasa kichwa kwa mkono wake uliokauka, akasema, "Nitajaribu, hooyo."

Na kuanzia wiki ileile, mfuko ukaanza kunywea.

Kwanza moto ulipungua rangi. Halafu ukawa unaruka na kuzimika. Idil alifikiri amekosea chakula, akakata maganda madogo zaidi, akaloweka mavi siku nzima, akaacha kabisa ndimu na vitunguu. Haikusaidia. Mfuko ulilala mtaroni umekunjamana, na Idil alipoutazama aliogopa, kwa sababu alikwisha kuona ubavu wa mnyama ukiingia ndani namna ile. Keinan akaja, akanusa, akakuna kichwa. "Kitu kimewaua wale wadudu," alisema, "lakini sijui ni nini. Itabidi umwage yote uanze upya, dada, na itachukua muda mrefu." Muda mrefu! Idil alisikia kikohozi kutoka aqal akajua kwamba muda mrefu ndicho kitu ambacho hana.

Hurdo, kama kawaida yake, akaota. Aliota Griftu, mama amesimama kwa mguu mmoja kama wafanyavyo wakamuaji wa ngamia, anakamua, maziwa yanamwagika, yanapita juu ya mchanga, yanakuja mpaka miguuni pake. Akaamka kwa adhana, akaswali, akatoka nje kulisha mfuko wake usiolisheka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Na pale kwenye mdomo wa kulishia, wallahi, aliona maziwa. Meupe kabisa, yanateremka ndani polepole.

Kwa kitambo alifurahi, furaha isiyo na akili. Alipiga magoti akatia kidole, akanusa. Ikampiga harufu ya wodini. Ilikuwa dawa ya kuua vijidudu, ile inayogeuka nyeupe ukiimimina majini.

Nyuma ya ukuta mdogo alimkuta Bi Habibo, chupa mkononi, kifuniko mkono wa pili, anasoma Kulhuwallahu kwa sauti ya chini.

"Hooyo," alisema Idil. "Unafanya nini?"

"Naitoharisha," alijibu mama, amefurahi kidogo kama mtu aliyekutwa akiandaa zawadi. "Ulilia, hooyo. Nikasema, basi nikiisafisha kila alfajiri, kidogo kidogo, itafika siku itakuwa tohara, nami nitakula chakula chako bila kudanganya moyo wangu."

Hebu wewe ungefanya nini? Ungecheka? Ungelia? Idil hakufanya lolote kati ya hayo. Alisikia kitu kikikatika ndani yake akapiga kelele, yeye ambaye wenzake hudhani hana sauti.

"Umemuua! Hooyo, umemuua Barwaqo!"

Chupa ikaanguka. Jina lile lilikuwa halijasikika baina yao tangu siku ya lori. Bi Habibo alimtazama mwanawe, kisha akageuka akaingia aqal na kushusha mkeka wa mlangoni. Hakuwasha moto asubuhi ile. Hata kukohoa alikohoa kwa kujibana.

Idil hakwenda kazini. Alikaa chini kando ya mfuko mpaka jua likawa kali, ameshika mdomo wake kwa mkono kana kwamba neno jingine lingechopoka. Hasira hasara, na yake ilikuwa imemchoma mtu mmoja tu ambaye hakustahili. Mwishowe mkeka ukainuliwa.

"Idil," aliita mama. Hakusema hooyo. "Kwa nini umekiita choo jina la ngamia wangu?"

Idil akamwambia, sasa hakukuwa na la kuficha. Alimwambia kwamba siyo choo, kwamba hakikuwa choo tangu mwanzo. Alimwambia mle ndani mna giza na joto, mna viumbe wadogo wasiotaka hewa, ndio haohao waliomo tumboni mwa ngamia, na kazi yao ni ileile, kumeng'enya majani mpaka yatoe nguvu. Kwamba kikishiba kinafura na kikiumwa kinanywea. Kwamba akiwa peke yake hukisikiliza.

"Tumbo," alisema Bi Habibo.

"Tumbo, hooyo."

"Nawe ukaniambia musqul."

"Niliogopa kukukumbusha."

Mama akakaa chini taratibu upande wa pili wa mtaro, akaweka kiganja juu ya plastiki iliyonywea. Upepo ulikuwa umekufa na joto la Garissa limewakalia wote watatu.

"Unajua Barwaqo alikufa kwa nini?" aliuliza.

"Njaa."

"Si njaa tu. Mwishoni tulipata majani kidogo, baba yako aliyafuata mbali. Barwaqo alikula, lakini alikuwa ameacha kucheua. Majani yakakaa tu mle ndani." Alikohoa, akapangusa macho kwa pembe ya shuka. "Ngamia akiacha kucheua dawa yake inajulikana. Unachukua kile anachocheua mwenzake mzima, kikiwa bado na joto, unamtia mgonjwa kinywani, na tumbo lake linakumbuka kazi. Mama yangu alifanya, nami nimefanya mara nyingi. Siku ile nilizunguka zizi zima, hooyo. Nilikwenda mpaka kwa majirani. Hakukuwa na kinywa hata kimoja kilichokuwa kinatafuna."

Idil hakuwa na habari hizo. Miaka yote hiyo alidhani mama alikataza jina kwa huzuni tu, kumbe lilikuwa jambo la mtu aliyejua dawa na hakuwa na pa kuipata. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

Bi Habibo akainua kichwa. "Uus wa kazini kwenu mnaupeleka wapi?"

"Tunautupa, hooyo."

"Mnautupa."

"Kila asubuhi. Korongo wanachagua chagua, uliobaki unaozea pale."

"Kila asubuhi," alirudia mama. Alitikisa kichwa, na uso wake ulikuwa na ghadhabu na njaa pamoja. Kisha akafunga shuka lake kiunoni. "Nitafutie ndoo yenye mfuniko. Kesho tunakwenda sote."

Kesho yake machinjioni kulizuka kioja. Naimo, muoshaji mwenza wa Idil na bingwa wa utani, alimwona Bi Habibo akija na ndoo akapiga ukelele: "Ee Hurdo! Leo umemleta na mama muote pamoja?" Lakini utani ulimkauka mdomoni. Yule bibi wa tohara, ambaye binti yake huvulia nguo nje ya lango, alikunja mikono ya gauni, akainama kwenye fungu la uus lililokuwa bado linatoa mvuke, akatia mikono yote miwili. Aliunusa na kuusugua baina ya vidole. Fungu moja alilikataa, akasema ngamia huyu alikuwa na homa. La pili nalo akalisukuma. La tatu akalishika muda mrefu, macho kayafumba, na Idil alijua hasa macho hayo yako wapi.

"Huyu alikula majani mabichi," alisema. "Tia humu, funika upesi, lisipoe."

Idil akamnong'oneza, "Hooyo, na najisi?"

"Mikono huoshwa," alisema mama. "Nimekamua maisha yangu yote mkia ukinipiga mavi usoni, nikanawa nikaswali. Nani alikwambia sijui kunawa?" Kisha akaongeza, kwa sababu Bi Habibo naye ana utani wake: "Kati ya uus na uunsi kuna herufi mbili tu." Uunsi ni ubani wa kufukiza nyumba, kitu chenye harufu nzuri kuliko vyote. Naimo alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile hulirudia neno hilo kila anapopewa fungu linalonuka.

Nyumbani, Idil alitoa sehemu ya uji wenye dawa, akaujaza mfuko maji yaliyopashwa na jua, akayatoa tena na kuongeza mengine, mpaka ile harufu ya wodini ikafifia. Kisha wakautia uus ukiwa na joto lake. Idil alitaka kumimina ndoo nzima, mama akamshika mkono. Mgonjwa huanzishwa kwa uji mwepesi, alisema, na kidogo ndicho kinachokaa. Asubuhi kidogo, jioni kidogo, kila siku kutoka fungu lililochaguliwa. Keinan alipopita na kuona alitabasamu. Akasema hivyo ndivyo hata yeye angetaka kuanzisha kila mtambo, tatizo ni watu kukubali kuubeba.

Lakini mtambo hauna adabu ya hadithi, haukufufuka papo hapo. Ulikaa umelala. Ulipoanza kuinuka kidogo, hewa iliyotoka ilikataa kushika moto, na Idil alisimama jikoni na kiberiti akiuma midomo. Mama bado alikuwa akipika aqal, maana watu lazima wale. Kikohozi sasa kilimkunja, akawa anashika fito za kibanda. Idil akiwa kazini aliosha matumbo na safari hii hakuota kitu. Kila mshindo wa lango la machinjioni ulimshtua, alidhani ni mtu ametumwa kuja kumwita.

Hakuna aliyetumwa. Alasiri moja alirudi mwenyewe kama siku zote, akavua nguo za kazi nje, akanyoosha mkono kwenye komeo. Akasubiri kikohozi.

Kimya.

Alisubiri tena. Kuku wa jirani alilia, pikipiki ikapita mbali, lakini kutoka uani hakukutoka sauti yoyote. Idil alisukuma lango likagonga ukuta. Alikimbilia aqal, akainua mkeka. Mawe matatu yalikuwa baridi. Majivu yalikuwa yamezolewa, pamefagiwa vizuri, kama mahali pa mtu ambaye hatarudi. Hakukuwa na moshi mle ndani hata kidogo, na mwanga uliopenya kwenye mikeka ulimwonesha ukuta ambao hakuwahi kuuona. Ile Inna lillahi ilikuwa imefika kwenye ulimi wake. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Mfuko ulikuwa umefura mpaka umeng'aa. Bi Habibo alikuwa ameketi mchangani kando yake, mgongo umepumzika, shavu kaliegemeza kwenye ubavu ule mweusi wenye joto, macho kayafumba. Alikuwa anapumua. Idil aliona kifua kinapanda na kushuka, polepole, bila kukwama. Mbele yake, juu ya sinia, kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimenyweka nusu. Cha pili kilikuwa kimefunikwa kwa kisahani, na mvuke wa chai ya maziwa ulikuwa unatoka pembeni yake.

Idil aligeuka akatazama dirisha la jikoni. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la gesi. Kiberiti kilikuwa kando.

"Hooyo," alisema. "Umepika?"

Bi Habibo hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja.

"Chai yako haina moshi," alisema. "Nitaizoea. Kaa unywe, hooyo, na usipige kelele. Anacheua."